"Nimebadilisha maneno yote, mwalimu": dhana potofu za waandishi wapya wa makala za mtandaoni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipitia makala za Kiingereza za vijana wa Arusha na Moshi kabla hawajaziwasilisha katika masoko ya makala ya mtandaoni, yale ambamo mwandishi huweka makala yake, mhariri wa soko akaikagua, kisha mwenye tovuti akainunua. Kazi hiyo naifanyia katika chumba cha nyuma ya steshenari, Kaloleni. Wiki iliyopita pekee vijana watatu wasiofahamiana walikalia kiti kilekile na kunipa utetezi uleule: "Mwalimu, mbona wameikataa wakati nimebadilisha maneno yote?" Wa tatu nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili, na maelezo haya kwa sehemu ni ya kumtaka radhi.

Dhana yenyewe ni kwamba makala ya mtu mwingine ikishabadilishwa maneno huwa imekuwa yako. Anachofanya kijana ni kufungua ukurasa unaoeleza, tuseme, mambo saba ya kujua kabla ya kupanda Kilimanjaro, akauweka upande mmoja wa skrini, na upande wa pili akaandika sentensi kwa sentensi, akitia kisawe penye neno na kugeuza kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa. Akimaliza huipitisha kwenye programu ya kukagua nakala, nayo ikimwambia kwamba makala ni safi, huona kama amekabidhiwa hati ya kiwanja.

Programu hizo hazina uwezo huo. Copyscape, ambayo ipo tangu 2004 na hutumiwa na masoko mengi, hulinganisha mfuatano wa maneno yako na kurasa zilizopo mtandaoni. Haijui hoja zilipangwa na nani, wala mfano ulitungwa na nani. Ikisema "safi", maana yake ni kwamba mfuatano huo wa maneno haikuuona kwingine, basi. Mhariri wa soko, kwa upande wake, ni binadamu ambaye huenda siku hiyohiyo amesoma makala nyingine nne za Kilimanjaro, na anayaona mambo yaleyale saba, kwa mpangilio uleule, pamoja na ule mfano wa soksi za sufu ambao kila mtu amemwibia kila mtu.

Kisheria nako hakuna mwanya ambao vijana hudhani upo. Hakimiliki hailindi taarifa wala wazo, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuandika kwamba kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Inacholinda ni namna mwandishi alivyolieleza jambo, na anayeichukua kazi ya mwenzake akaigeuza hapa na pale, au hata kuitafsiri, anahitaji ridhaa ya mwenyewe. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, na sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ni ya 1999, hivyo lile jibu la "mwenyewe yuko Marekani, atajuaje" halina pa kusimama.

Hebu nioneshe visawe vinavyomfikisha mtu wapi. Mmoja wa wale watatu alitumia programu ya kubadilisha maneno. Neno la Kiingereza linalomaanisha kilele cha mlima humaanisha pia mkutano wa wakuu wa nchi, na programu ikachagua maana hiyo ya pili. Makala ikaeleza kwamba wapandaji huondoka kambini usiku wa manane ili wafike mkutanoni jua linapochomoza. Sisi wa Arusha, mji yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tumeizoea mikutano, ila huu wa alfajiri penye barafu ulinishinda. Katika aya iliyofuata wapagazi waligeuka bia nyeusi, kwa kuwa neno lao nalo kwa Kiingereza lina maana mbili, na msomaji akashauriwa asisahau kuipa hiyo bia bakshishi mwisho wa safari. Mwandishi hakuwa ameisoma makala yake mwenyewe.

Hata hivyo si kicheko kinachonichosha. Kinachonichosha ni kile kilichomo katika makala ya kijana wa tatu, ambaye hakutumia programu yoyote na ambaye Kiingereza chake ni kizuri. Aliwalaza wageni wa njia ya Machame katika vibanda vya Horombo. Kijana huyu amezaliwa Moshi, na mjomba wake amebeba mizigo mlimani kwa miaka mingi. Nilipomuuliza vibanda viko njia gani, alijibu papo hapo kwamba viko njia ya Marangu, yaani Mandara, Horombo na Kibo, na kwamba wanaopita Machame hulala kwenye mahema hadi Barafu.

"Sasa mbona umeandika hivi?"

"Ndivyo walivyoandika wao, mwalimu."

Hapo ndipo subira yangu ilipokwisha. Mtu anayeujua mlima kwa kusimuliwa na aliyeubeba mabegani anakubali kusahihishwa na ukurasa ulioandikwa na mtu ambaye pengine hajawahi kushuka uwanja wa ndege wa KIA, kisha anataka kumuuzia mteja kosa hilohilo likiwa limevalishwa visawe. Nilimwambia aniambie kinachotokea asubuhi kwenye lango la Machame. Akaanza kueleza mzani, jinsi mizigo inavyopimwa ili isizidi kilo 20 kwa mpagazi, na jinsi mfuko ukizidi unavyofunguliwa palepale, unga na mtungi wa gesi vikahamishiwa kwa mwenzake. Alizungumza kwa dakika kumi na tano bila kufungua simu. Hiyo ndiyo makala ambayo mteja aliyeko Chicago hawezi kuipata kwa mwandishi mwingine, na kijana alikuwa nayo tangu utotoni huku akihangaika na soksi za sufu.

Ushauri wangu katika hili haubadiliki, na najua wengi hawaupendi. Soma vyanzo vyako jioni, andika vidokezo kwa mkono kwenye daftari, funga kila ukurasa, ulale. Asubuhi andika kutoka kwenye daftari bila kufungua chochote, na ukurasa uufungue tena mwishoni tu, kwa ajili ya kuhakiki namba na majina. Kisha toa nakala ya karatasi uisome kwa sauti, ukiwezekana mbele ya mtu. Sentensi ambayo ulimi unaikwaa ni ile ambayo hukuielewa ulipokuwa ukiiandika.

Baadhi wameachana na visawe tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, sasa wanaiachia programu hiyo ya akili bandia iwaandikie, lakini dhana ni ileile. Masoko mengi sasa yana kanuni kuhusu maandishi ya akili bandia, mengine yakiyakataza kabisa, na kanuni hizo husomwa kabla ya kufungua akaunti. Wanaojitetea kwamba kipimo cha kutambua maandishi ya akili bandia kimesema makala imeandikwa na binadamu wajue kwamba OpenAI yenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliondoa kipimo chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa na usahihi wa kutosha.

Dhana ya pili kwa kusikika ni kwamba makala hukataliwa kwa kuwa mwandishi ni Mwafrika. Mlangoni kuna ukweli kidogo: yapo masoko, kama Textbroker kwa upande wa Kiingereza cha Marekani, yanayopokea wakazi wa Marekani pekee. Dawa yake ni kutafuta soko linalokupokea, wala si kuazima akaunti ya binamu aliyeko Texas, kwa maana akaunti ya namna hiyo hufungwa na pesa zikiwa ndani. Ukishapita mlangoni, sababu za kukataliwa huwa ndogo na za kuudhi. Kubwa kati ya hizo ni kuchanganya tahajia. Sisi tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza darasani na cha Marekani tumekiokota kwenye simu, matokeo yake aya moja inakuwa na vyote viwili, na mhariri haulizi umetoka wapi, anairudisha tu. Chagua kimoja kulingana na mteja, na ukichagua cha Marekani, badilisha pia vipimo na tarehe, kwani kwao mwezi hutangulia siku.

Kuhusu Kiingereza kigumu sina mengi ya kusema. Mteja anataka msomaji wake aelewe akiwa kwenye basi. Kamusi iache nyumbani.

Wengine hudhani kwamba wakishauza makala bado wanaweza kuiweka kwenye blogu yao. Inategemea umeuza nini. Ukiuza haki zote, makala si yako tena, na hata kuitia katika mkusanyo wa kazi zako ni lazima uombe. Ukiuza leseni ya matumizi tu, inabaki yako na unaweza kumuuzia mwingine leseni kama hiyo, ila baada ya hapo usiahidi mtu yeyote kwamba atakuwa nayo peke yake. Tazama bei ya kila aina kabla ya kubofya, maana kitufe hicho hakina kurudi nyuma.

Soko la makala lenye kazi ya kweli hujilipa kwa kukata kamisheni pale makala inapouzwa. Anayekuomba ada ya kujiunga kwa M-Pesa hana soko.

Mwisho ni fomu ya W-8BEN, ambayo masoko ya Marekani huitaka, nayo huwatia watu hofu kwamba wanajiandikisha kulipa kodi ya Marekani. Ni kinyume chake: ni tamko kwamba wewe si mtu wa Marekani kikodi, na malipo ya kazi uliyoifanya ukiwa umekaa Sakina au Rau kwa kawaida hayahesabiwi kuwa mapato yaliyopatikana Marekani. Kodi unayodaiwa ni ya TRA, ambako namba ya mlipakodi hutolewa bure, na mkazi wa Tanzania hutakiwa kutangaza pia mapato yanayotoka nje.

Kijana wa tatu alirudi juzi na makala ya mzani wa Machame, kurasa tatu, nami nilimtaka radhi kabla hajakaa. Ilikuwa imesharudishwa na mhariri mara moja, kwa sababu aliandika kilo na mita kwa msomaji wa Marekani. Tumeweka pauni 44 na futi 19,341, na sasa iko kwenye foleni inasubiri.