Kukarabati na kuboresha gitaa kuukuu la umeme: maana na utaratibu wake

Gitaa la umeme la bei nafuu lililokaa miaka mingi bila kupigwa linaweza kufanyiwa kazi za aina mbili, ambazo hutofautiana kwa kusudi hata pale fundi anapozifanya kwa pamoja. Kukarabati ni kulirudisha gitaa katika hali ya kupigika, ilhali kuboresha ni kulibadili ili lifanye jambo ambalo halikuliweza tangu lilipotoka kiwandani. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu wengi huanza na la pili: hununua pikapu mpya, yaani vifaa vyenye sumaku vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza umeme, wakazifunga, kisha wakakuta gitaa bado linaumiza vidole na bado haliko sawa katika tuni.

Ubaya mwingi wa magitaa haya haumo katika mbao wala sumaku zake, bali katika vipimo. Kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ndogo hupunguza muda wa fundi, na kazi zinazokula muda ni zile zile zinazolifanya gitaa lipendeze mkononi: kuchonga mifereji ya nyuzi, kusawazisha freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, na kupanga kimo cha kila uzi. Kazi hizo, ambazo wapigaji huziita kwa jumla setapu, zinaweza kufanywa hata baada ya miaka 40, na kwa maoni yangu ndizo moyo wa ukarabati wote.

Setapu huanzia kwenye shingo. Ndani ya shingo za magitaa mengi ya umeme mna fimbo ya chuma inayopingana na mvuto wa nyuzi. Ikikazwa, shingo hunyooka, na ikilegezwa, nyuzi huivuta shingo ikapinda mbele. Mpindo mdogo wa takriban robo ya milimita unatakiwa, kwa kuwa uzi unaotikisika huhitaji nafasi ili usigonge freti. Fimbo huzungushwa kidogo kidogo, robo mzunguko kila mara, na ikigoma isilazimishwe, kwani fimbo ikikatikia ndani, gharama ya kuitoa inaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe. Baadhi ya magitaa ya zamani yana chuma kisichorekebishika kabisa, na hayo yakipinda ni kazi ya fundi mzoefu.

Baada ya shingo huja nati, yaani kile kijipande chenye mifereji sita kilicho kati ya kichwa na ubao wa freti. Kwenye magitaa ya bei nafuu mara nyingi ni cha plastiki, na mifereji yake huachwa juu mno, hali inayofanya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za freti za mwanzo ziwe ngumu kubana na noti zake zipande kuliko inavyopaswa. Mifereji ikiwa myembamba, uzi hunasa ndani yake na gitaa hupoteza tuni, nalo kosa hilo husingiziwa vigingi vya kukazia nyuzi, ambavyo mara nyingi havina hatia. Freti zilizochakaa husawazishwa kwa kifaa bapa chenye msasa na kurudishiwa mviringo wa juu. Ncha zake zinazochoma kiganja, kwa sababu ubao umekauka na kunywea, hupigwa tupa.

Linalofuata ni daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na hapa ndipo hesabu ya gitaa inapoonekana wazi. Freti ya 12 huugawa uzi katikati, kiasi kwamba gitaa lenye uzi wa milimita 648, kama Stratocaster ya kampuni ya Fender iliyotoka mwaka 1954, lina freti hiyo kwenye milimita 324. Hata hivyo, kuubana uzi huuvuta na kupandisha sauti yake, kwa hiyo kila tandiko la daraja, yaani kijipande kinachobeba uzi mmoja, husogezwa nyuma kidogo kufidia. Mpimaji hulinganisha noti iliyobanwa kwenye freti ya 12 na ile inayopatikana kwa kuugusa tu uzi juu ya freti hiyo: iliyobanwa ikiwa juu, tandiko hurudishwa nyuma, ikiwa chini, husogezwa mbele. Kipimo hiki hufanywa kwa nyuzi mpya, kwani nyuzi chakavu hudanganya.

Ni baada ya hapo tu ndipo masikio yanapoweza kuamua kama umeme wa gitaa unahitaji kubadilishwa. Vifundo vya kurekebishia sauti vinavyokwaruza kwa kawaida hutaka dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Mvumo wa hezi 50 au 60 ni suala jingine: pikapu ya koili moja huupokea kutoka katika uga wa sumaku wa umeme wa nyumba, na karatasi ya shaba inayobandikwa ndani ya mwili wa gitaa hupunguza kelele nyingine lakini haiufuti mvumo huo. Dawa yake ni pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni katikati ya miaka ya 1950: koili hizo husukwa na kuelekezewa sumaku kwa namna inayofuta mvumo huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Anayeifunga hubadilisha pia vidhibiti vya sauti, kwa kawaida kutoka ukinzani wa kilo-omu 250 hadi 500, la sivyo sauti za juu hufifia.

Mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen alifanya hivyo hivyo katika miaka ya 1970, alipofunga pikapu ya Gibson katika mwili wa umbo la Stratocaster, na mfano wake uliwapa wengi ujasiri wa kutoboa mbao. Mimi ningeomba subira. Magitaa ya bei nafuu ya kampuni ya Danelectro ya miaka ya 1950 yalitengenezwa kwa mbao za nyuzinyuzi zilizoshindiliwa, na pikapu zake zilifichwa ndani ya vibweta vya rangi ya mdomo ili kuokoa fedha. Leo sauti hiyo inatafutwa na kuigwa kwa makusudi. Pikapu hafifu kwa vipimo inaweza kuwa ndiyo sababu pekee ya kulipenda gitaa fulani, na tundu lililochongwa kwenye mwili halirudi. Kwa hiyo, kabla ya kukata waya wowote, mchoro wa viunganishi vyote huchorwa kwanza, na kila kinachotolewa, hadi skrubu, huwekwa katika mfuko wenye jina lake.