Gurudumu la Kinanda Halikufungiwa Kazi Moja

Wapo wapiga kinanda katika makanisa ya Kisumu wanaoamini kwamba gurudumu la modulesheni, lile lililo kushoto mwa vibonye, liliundwa kutikisa sauti tu, na kwamba anayetaka mlio wa tarumbeta unaong'aa polepole hana budi kununua kinanda kingine. Imani hiyo si sahihi. Kwa utaratibu wa MIDI, yaani lugha ambayo ala za kielektroniki hutumia kuwasiliana, uliochapishwa mwaka 1983, gurudumu hilo hutuma ujumbe wa kidhibiti namba 1 wenye thamani kuanzia 0 hadi 127. Kinachoamua matokeo ni mpangilio uliohifadhiwa ndani ya sauti yenyewe, yaani mlio uliouchagua kwenye kinanda. Katika sintesaiza nyingi, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa njia ya kielektroniki, mpangilio huo hubadilika: unachagua chanzo, yaani gurudumu au pedali, kisha lengo, kwa mfano kichujio kinachoamua mng'ao wa mlio, na mwisho kiasi cha athari, ambacho kikiwa hasi hugeuza mwelekeo, hata kusukuma gurudumu juu kukaufifisha mlio badala ya kuung'arisha. Kiasi ndicho kinachostahili subira kubwa zaidi, kwa kuwa kikizidi, sauti hukwaruza masikio ya waumini. Vinanda vya bei nafuu, ni kweli, huenda visiruhusu mabadiliko haya. Pale yanaporuhusiwa, hifadhi sauti uliyoihariri kabla ya kuchagua nyingine au kuzima kinanda, la sivyo mpangilio wako utapotea.