Rimoti ya gari ikigoma: tunayoambiana na yalivyo

Mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Njombe mjini. Kioo cha gari kimejaa umande ulioganda, nami nabonyeza rimoti: kimya. Nasogea hadi mlangoni, nabonyeza tena: kimya. Mlinzi wa gesti akanionea huruma. "Bosi, hiyo imeshakufa. Tafuta nyingine." Nikafungua mlango kwa ufunguo wa chuma, nikawasha gari, nikaondoka. Saa nne nilikuwa Makambako nakunywa chai, jua limeshachanganya, na rimoti ikafunga milango yote minne kama vile haijawahi kunidharau.

"Imekufa." Hapana, ilikuwa na baridi. Betri ile bapa ya duara ni ya lithiamu, ya volti 3, na baridi hupunguza nguvu inayoweza kuitoa kwa mara moja. Betri mpya haijali sana baridi yetu. Iliyochoka ndiyo inayoumbuka, hasa Juni na Julai, kuanzia Mafinga hadi Uyole. Kwa hiyo rimoti inayogoma alfajiri na kupona mchana inakuambia ubadilishe betri. Ukikwama, ishike kwenye kiganja au uitie ndani ya sweta dakika chache, kisha ujaribu tena.

Mita ya kupimia volti nayo inaweza kukudanganya hapa. Betri iliyochoka ikipimwa ikiwa imekaa tu husoma karibu volti 3, lakini kitufe kikibonyezwa inaporomoka. Kataa yote mawili, mita na maneno: weka betri mpya uone. Bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku. Soma namba iliyoandikwa mgongoni. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR2016 ina upana uleule ila unene ni 1.6. Kuna wajanja wanaopanga mbili nyembamba mahali pa moja nene kwa kuwa zinaenea. Zinaenea kweli, lakini sasa umeipa rimoti ya volti 3 volti 6.

"Betri ya rimoti ikiisha, gari haliwaki." Hii ndiyo inayowalaza watu njiani bure. Ndani ya plastiki ile mmekaa wapangaji wawili wasiotegemeana. Mmoja ni redio ndogo ya kufungua milango, na huyo ndiye anayekula betri. Mwingine ni chipu ya imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayoliruhusu gari kuwaka, ambayo kwa kawaida haihitaji betri kabisa: hupata umeme kidogo kutoka kwenye waya uliozungushwa karibu na swichi ya gari. Ndiyo maana asubuhi ile Njombe gari langu liliwaka bila shida.

Na magari ya kubonyeza kitufe? Vilevile. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ukikitazama kitufe, subiri mlio, kisha bonyeza. Mlango nao una tundu la ufunguo, wakati mwingine limefichwa chini ya kifuniko cha kitasa, na ufunguo wenyewe umechomekwa ndani ya rimoti. Nimeona watu wazima Mwanjelwa wakijadili kuvunja kioo huku ufunguo wa chuma uko mkononi mwao.

"Ukitoa betri, rimoti inasahau gari." Kwa kawaida haisahau. Namba zake zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Kinachoweza kuivuruga ni mtoto kuichezea mbali na gari: kila bonyezo husogeza namba ya siri mbele, na ikisogea kupita kiasi, gari hukataa kuitambua. Hapo ndipo kuioanisha upya kunapokuwa na maana. Fundi anayetaja kuprogramu kabla hajaifungua rimoti, mimi namuaga kwa heshima.

"Kosa ni la rimoti." Labda. Jaribu ufunguo wa akiba, kisha bonyeza kitufe cha kufunga milango kilicho ndani ya gari. Kikigoma nacho, tazama fyuzi, au waya unaopita kwenye bawaba za mlango, ambao hukatika kwa kukunjwa kila siku. Betri kubwa ya gari ikiwa imeisha, rimoti nzima haina wa kuisikia.

"Rimoti zikifanana, zote sawa." Magari mengi tuliyoyatoa Japani hutumia mawimbi ya takriban megahezi 315, ya Ulaya, 433.92. Ganda linaweza kuwa lilelile kabisa, na zisielewane hata siku moja.

Rimoti iliyoloweshwa na mvua ya Tukuyu usiizike kwenye mchele. Toa betri mara moja, fungua ganda, safisha bodi kwa spiriti na mswaki laini, iache ikauke kabisa. Mchele hauondoi chumvi wala kutu.

Betri uliyoitoa ifunge kwa selotepu pande zote mbili kabla ya kuitupa. Hata iliyochoka, mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Akishaimeza, nendeni hospitali muda huohuo, msisubiri aanze kulia.