Vipaji maalumu au shule binafsi: dhana zinazowagharimu wazazi wa darasa la saba

Kila mwaka, kati ya Septemba na Januari, wazazi Tanzania huamua mtoto aende wapi kidato cha kwanza. Wengi huamua kwa kusikia. Jirani kasema, mwalimu wa tuisheni kasema, picha ya matokeo imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ndiyo maana fedha nyingi hulipwa mahali pasipostahili, na watoto wenye uwezo hukosa nafasi walizokuwa nazo mkononi. Tumechagua dhana zinazoleta hasara kubwa zaidi.

Dhana: "Nitamwombea mwanangu nafasi Ilboru."

Hakuna maombi. Shule za serikali za vipaji maalumu ambazo wazazi huzitaja zaidi ni saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana kwa wavulana, na Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana kwa wasichana. Hazina fomu ya kuomba, hazifanyi usaili wa kidato cha kwanza, na mkuu wa shule hana nafasi ya kugawa. Mtoto hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) mwezi Septemba, kisha TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, humpanga kwa alama zake. Wewe mzazi huchagui, mtoto ndiye anayechaguliwa.

Kwa hiyo anayekupigia simu mwezi Desemba akidai ana "nafasi moja imebaki Kibaha" na anahitaji pesa ya kufungua faili ni tapeli. Usibishane naye. Kata simu, kisha angalia jina la mtoto kwenye orodha iliyo katika tovuti ya TAMISEMI, ambako wanafunzi hupangwa kwa mkoa, halmashauri na shule ya msingi waliyotoka.

Dhana: "Amepata A, basi vipaji ni uhakika."

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Daraja A huanzia alama 241. Mtoto mwenye 243 na mwenye 290 wote wana A kwenye karatasi ya matokeo, lakini kwenye upangaji wako mbali kabisa. Shule hizi saba hazina madawati ya kutosha kwa kila mwenye A nchini, kwa hiyo wanaoingia ni wa juu kabisa ya kundi hilo. Wengine hupelekwa shule za bweni za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga au Bwiru Wavulana, wengine bweni za kawaida, na walio wengi shule za kutwa karibu na nyumbani.

Mzazi anayetaka kupima nafasi ya mtoto wake asiangalie herufi. Achukue mitihani ya majaribio ya wilaya na mkoa, ajumlishe alama kati ya 300, aone mtoto anaangukia wapi mara tatu au nne mfululizo. Mara moja haitoshi, maana karatasi moja rahisi hudanganya.

Kuna jambo la kuongeza kwa wenye watoto walio madarasa ya chini. Kwa mpango uliotangazwa na serikali wa kupunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita, darasa la sita na la saba wa mwaka 2027 watamaliza pamoja na kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Madarasa mawili yatagombea nafasi kwa wakati mmoja. Mwenye mtoto katika kundi hilo aanze kujipanga mapema kuliko alivyojipanga kwa kaka yake.

Dhana: "Aliyesoma mchepuo wa Kiingereza hachaguliwi na serikali."

Anachaguliwa. Naye hufanya mtihani uleule wa NECTA, ila karatasi zake ni za Kiingereza, na jina lake huingia kwenye upangaji uleule. Wazazi wasiolijua hili hulipa ada ya sekondari binafsi mwezi Oktoba bila hata kusubiri orodha, halafu Desemba jina la mtoto linatokea Mzumbe.

Dhana: "Serikali ni bure."

Ada ndiyo iliyoondolewa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Kidato cha tano na sita kilifuata mwaka 2022. Chakula cha mwanafunzi wa bweni kinagharamiwa na serikali. Vilivyobaki ni vyako: sare, madaftari, godoro, matibabu na nauli.

Nauli ndiyo inayowashtua watu. Chukua mtoto wa Mbeya aliyepangiwa Ilboru, Arusha. Mwaka una safari nne za lazima: kwenda Januari, kurudi Juni, kwenda Julai, kurudi Desemba. Mtoto wa miaka 13 humwachii basi peke yake mara ya kwanza, kwa hiyo ongeza tiketi ya mtu mzima ya kwenda na kurudi, pamoja na malazi. Likizo fupi za katikati ya muhula, aliye mbali mara nyingi huzimalizia shuleni au kwa ndugu wa jirani, na huko nako kunahitaji matumizi.

Halafu isome fomu ya kujiunga mstari kwa mstari. Godoro la futi 2.5 kwa 6, shuka, chandarua, ndoo, jembe au fyekeo, ufagio, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba, sanduku la bati (tranka) lenye kufuli mbili. Kila kitu kwa bei ya Januari, mwezi ambao maduka ya sare yana foleni na bei zimepanda. Ukiwa na uhakika wa bweni, nunua godoro na sanduku mwezi Novemba. Sare subiri, maana rangi hutofautiana shule hadi shule.

Dhana: "Binafsi nimeshajua gharama, ni ada hii hapa."

Ada iliyoandikwa kwenye tangazo ni mwanzo tu. Uliza kwa maandishi: fedha ya kujiunga, fedha ya tahadhari (dhamana ya uharibifu), sare zinazouzwa shuleni pekee, mitihani ya ndani na ya ujirani mwema (ya pamoja na shule nyingine), kambi ya kidato cha pili na cha nne, mahafali, ziara za masomo, huduma ya kwanza, basi. Tuchukue mfano: ada ni 2,400,000 kwa mwaka, na haya mengine yanafika 700,000. Hiyo ni 3,100,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 12,400,000, kabla ada haijapandishwa hata mara moja. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mzazi kupiga hesabu ya mwaka wa kwanza pekee. Mtoto anarudishwa nyumbani kidato cha tatu kwa deni, anakosa mada nzima za Kemia na Fizikia, na anahamishwa katikati ya safari. Ni heri shule ya bei ya chini unayoimudu hadi Novemba ya kidato cha nne kuliko ya kifahari utakayoishia nayo njiani.

Kama una mashaka na kipato, uliza mambo mawili: ada inalipwa kwa awamu ngapi, na mwanafunzi mwenye deni anazuiwa nini. Jibu la swali la pili litakueleza mengi kuhusu shule hiyo.

Dhana: "Shule ina daraja la kwanza watupu, basi inafundisha vizuri."

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapofungwa macho. Tangu matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Matangazo ya "tumeshika nafasi ya kwanza" unayoyaona barabarani ni ya miaka ya nyuma au ni hesabu ya shule yenyewe. Matokeo ya kila kituo, hata hivyo, bado yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, na kila mwenye simu anaweza kuyasoma. Fanya hivi.

Fungua matokeo ya kidato cha nne ya shule unayoitaka. Juu kuna jedwali la madaraja, kuanzia la juu kabisa hadi waliofeli: I, II, III, IV na 0, kwa wasichana, wavulana na jumla. Andika jumla ya watahiniwa. Sasa rudi nyuma miaka miwili, ufungue matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule ileile. Ni watoto walewale. Kama kidato cha pili walikuwa 120 na kidato cha nne wamefika 78, watoto 42 wamekwenda wapi? Wachache huhama kwa sababu za familia. Lakini pengo la theluthi nzima, likijirudia mwaka hadi mwaka, maana yake ni mchujo: shule imeweka wastani wake wa kupanda darasa, na asiyefika anarudia darasa au anaambiwa atafute shule nyingine. Mtoto wako anaweza kuwa mmoja wa hao 42, na utakuwa umelipa ada ya miaka miwili kusafisha matokeo ya shule.

Bado hujamaliza. Shuka chini ya ukurasa kwenye ufaulu wa somo moja moja. Angalia waliofanya Fizikia na Kemia ni wangapi kati ya wote. Shule inaweza kuwatoa wengi kwenye sayansi ili madaraja yapendeze, na kwa mtoto anayetaka udaktari au uhandisi hilo ni ukuta. Kisha angalia Hisabati, ambalo ndilo somo linaloangusha wengi. Shule ambayo wastani wake wa Hisabati uko karibu na wa masomo mengine ina walimu wanaofanya kazi.

Kipimo hichohicho kiwekee vipaji maalumu. Mzumbe ikipeleka watoto wengi daraja la kwanza, kumbuka iliwapokea wakiwa tayari wa juu kabisa. Shule binafsi yenye usaili mkali nayo ni hivyo. Shule ya kawaida inayopokea watoto wa wastani na kuwafikisha daraja la pili inaweza kuwa na ualimu mzito kuliko zote mbili, japo hakuna atakayeiwekea bango.

Dhana: "Serikali haiwezi kushindana na binafsi."

Kwa kidato cha nne, orodha za kumi bora zilizokuwa zikitangazwa kweli zilijaa shule binafsi. Kwa kidato cha sita picha ilikuwa nyingine. Mwaka 2020 iliyoongoza nchi ilikuwa Kisimiri ya Arusha, shule ya serikali, na Tabora Wavulana ilikuwa miongoni mwa kumi bora. Mjadala wa "serikali au binafsi" kwa ujumla wake hausaidii kitu. Linganisha shule mbili zenye majina.

Na uende ukaione. Ombeni kuonyeshwa maabara ya Kemia siku ya kawaida ya masomo, msisubiri siku ya wazazi. Fungueni bomba mwone kama maji yanatoka. Hesabuni bureti, mirija ya kioo ya kupimia vimiminika, kisha mgawanye na idadi ya wanafunzi wa mkondo mmoja wa kidato cha nne. Bureti moja kwa watoto wawili au watatu, kazi inafanyika. Kama ziko nne, mpya, na bado zimo kwenye maboksi, watoto wanajifunza titresheni, jaribio la kupima tindikali na besi, kwa kuchorewa ubaoni, na mtihani wa vitendo wa NECTA utawakuta hawajawahi kushika chombo. Hili tumelisema kwa pande zote mbili: kuna shule binafsi zenye ada kubwa na maabara tupu.

Dhana: "Bweni la mbali litamkomaza."

Wengine huwakomaza, wengine huwavunja. Mtoto mwenye pumu au selimundu anahitaji muuguzi wa shule anayejulikana kwa jina na hospitali iliyo karibu. Kabla ya kukubali, jua matroni au patroni (mlezi wa bweni) mmoja anasimamia watoto wangapi na maji ya kuoga yanapatikana vipi. Kama hamjaridhika, shule ya kutwa yenye walimu wa Hisabati na sayansi, mtoto akilala kwake na kula kwake, ni uamuzi halali kabisa. Hakuna aibu ndani yake.

Dhana: "Lazima nilipe binafsi sasa hivi, nafasi zitaisha."

Kalenda ndiyo inayowabana watu. Usaili wa shule binafsi na masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza huja mapema, mengi yakiwa kati ya Agosti na Novemba. Matokeo ya NECTA hutoka kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Desemba, na upangaji wa TAMISEMI kwa kawaida hutangazwa Desemba. Shule hufunguliwa Januari. Kwa hiyo njia zote mbili hazina budi kubaki wazi hadi Desemba. Mtoto afanye usaili wa shule moja au mbili mnazozimudu, basi. Lipa fedha ya kushikilia nafasi tu, usilipe ada ya muhula, na kwenye risiti au barua yaandikwe masharti: itarudishwa au haitarudishwa mtoto akipangiwa serikali, na mwisho wa kudai ni lini. Ahadi ya mdomo ya mhasibu haitakusaidia Januari.

Dhana: "Akienda binafsi, mlango wa serikali umefungwa."

Unafunguka tena baada ya kidato cha nne. Mwanafunzi wa shule binafsi hujaza Selform, fomu ya machaguo ya kidato cha tano, kama mwenzake wa serikali, akichagua tahasusi (mchanganyiko wa masomo) na shule, na hupangwa kidato cha tano kwa matokeo yake: awe na A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, nje ya masomo ya dini, na jumla ya pointi zake za masomo saba isizidi 25 (pointi chache ndizo bora). Wengi waliolipiwa miaka minne binafsi hukaa Kibaha au Tabora bila ada kwa miaka miwili ya mwisho. Kosa hutokea kwenye kujaza. Mtoto mwenye C ya Fizikia na A ya Jiografia anang'ang'ania PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kwa sababu ya jina, anapangwa mahali asipopataka, na muda wa kubadilisha unapita kwa sababu hakuna aliyekumbuka nywila ya akaunti ya Selform. Iandikeni nyuma ya cheti cha kuzaliwa siku mnayoifungua.