Wasiwasi Unaobaki Baada ya Jeshi, na Namna ya Kudai Fidia ya Ulemavu Marekani

Jeshi humfundisha askari jibu moja kwa kila anayemuuliza hali: "Niko sawa." Kikosini jibu hilo lina kazi yake. Lakini anapofika mbele ya Idara ya Masuala ya Wastaafu wa Jeshi ya Marekani, ile inayoitwa VA, akitafuta fidia kwa ugonjwa wa wasiwasi, ndilo linalomponza. Nimeona madai yenye karatasi zote yakiambulia asilimia ndogo ya ulemavu, ile inayoamua kiasi cha malipo, kwa sababu mwenyewe aliuficha ugonjwa siku aliyoulizwa juu yake.

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Aliye doria anapaswa kuwa macho, kusikia kila mlio na kutazama kila dirisha. Ugonjwa ni pale mwili unapokataa kushuka kutoka katika hali hiyo miaka mingi baada ya hatari kupita. Moyo unaenda mbio mtu akiwa amekaa tu. Usingizi unakatika usiku wa manane. Anakwepa foleni na mikusanyiko, na akiingia ukumbini lazima apate kiti cha ukutani anachoweza kuuona mlango. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa aliandika kuhusu askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani waliolalamika mapigo ya moyo kwenda kasi, maumivu ya kifua na kuishiwa pumzi, ilhali mioyo yao ilipopimwa haikuonyesha ugonjwa wa kuyaeleza yote hayo.

Wengi wanaijua PTSD, yaani madhara yanayobaki baada ya tukio la kutisha, na hudhani kuwa bila PTSD hakuna fidia. Si kweli. Wasiwasi wa jumla usiokoma, vipindi vya hofu ya ghafla, hofu ya kuwa mbele za watu na mawazo yanayomlazimisha mtu kurudia tendo lile lile vyote vinatambuliwa na VA. Wala si lazima uwe umepigana vitani. Fundi wa magari ambaye hakuwahi kutoka nje ya Marekani lakini aliponea chupuchupu katika ajali ya mazoezini ana haki ya kudai. Kadhalika aliyefanyiwa ukatili wa kingono akiwa jeshini, au aliyekuwa akipokea na kuandaa miili ya wenzake. Usijitese kutafuta jina sahihi la ugonjwa wako. Mwaka 2009, katika kesi ya Clemons, mahakama inayosikiliza rufaa za wastaafu wa jeshi ilisema kuwa mdai si daktari. Akiandika PTSD, na kumbe dalili zake ni za ugonjwa mwingine wa akili, VA inapaswa kuuangalia huo pia.

Kwa kawaida dai husimama juu ya mambo matatu. Kuna ugonjwa uliothibitishwa na mtaalamu sasa hivi, kuna jambo lililotokea wakati wa utumishi, na kuna maoni ya kitaalamu yanayounganisha hayo mawili. Kiungo hicho hakihitaji uhakika kamili. Inatosha mtaalamu aseme kuwa uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni angalau nusu kwa nusu, na ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inaelekeza mdai apewe ushindi. Waliokuwa mateka wa vita wana njia fupi zaidi. Kwao magonjwa ya wasiwasi yamo katika orodha ya yale yanayochukuliwa moja kwa moja kuwa yametokana na kutekwa.

Wasiwasi unaweza pia kuingia kwa mlango wa ugonjwa mwingine. Mtu ambaye tayari analipwa kwa mgongo ulioumia jeshini, au kwa mlio wa masikioni usiokwisha, na maumivu au mlio huo ukamzalia wasiwasi, anaweza kudai wasiwasi kama tokeo la ugonjwa wa kwanza. Njia hii husahaulika, nami huwashauri watu waiangalie mapema.

Sasa asilimia, mahali ambapo watu wengi hujikwaa. Magonjwa yote ya akili, isipokuwa yale ya ulaji, hupimwa na VA kwa jedwali moja lenye ngazi sita: 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Kinachopimwa ni kiasi gani ugonjwa umevuruga kazi yako na mahusiano yako na watu. Tazama vipindi vya hofu ya ghafla. Vikikupata mara moja kwa wiki au pungufu, vinatajwa katika ngazi ya 30. Vikizidi mara moja kwa wiki, 50. Hofu ikiwa karibu haikuachi, kiasi cha kukuzuia kujimudu mwenyewe, ni 70. Dalili zinazodhibitiwa na dawa ya kila siku zinatajwa kwenye 10. Dalili zilizoandikwa pale ni mifano. Mahakama ilishalieleza hilo mwaka 2002 katika kesi ya Mauerhan, kwa hiyo usikate tamaa kwa kuwa dalili yako haimo katika orodha. Na ukiwa na magonjwa mawili ya akili yenye dalili zilezile, utapewa asilimia moja kwa yote, kwa kuwa hairuhusiwi kulipwa mara mbili kwa dalili moja.

Kwa sababu hiyo, maneno "nina wasiwasi sana kazini" hayamsaidii anayeamua. Mwambie ulivyotoka kwenye zamu kabla ya muda wake, ulivyoketi ndani ya gari ukisubiri mikono iache kutetemeka, onyo ulilopewa na msimamizi. Mwambie kuwa ni mkeo anayekwenda kwenye mikutano ya wazazi shuleni kwa sababu wewe huwezi kuingia katika ukumbi uliojaa watu. Eleza siku mbaya, inavyokuwa na inavyojirudia mara ngapi. Usiongeze chumvi hata kidogo. Uongo katika dai ni kosa la jinai, na kumbukumbu za hospitali husomwa pamoja na maneno yako.

Hayo hayo uyaseme siku ya kipimo, VA ikikuita uonane na mtaalamu. Huyo si daktari wako wa kukutibu. Ana muda mfupi, na atakuuliza juu ya usingizi, kazi, ndoa, marafiki na pombe. Nakusihi usiikose siku hiyo, maana kutokwenda bila sababu ya msingi kunaweza kuliua dai zima. Kama kwa kawaida hulali wala hutoki nyumbani, usijilazimishe siku hiyo kuonekana mkakamavu kama uko kwenye gwaride.

Kuna askari wengi ambao faili zao za jeshini hazina hata mstari mmoja juu ya wasiwasi. Waliogopa kuondolewa kazini au kupoteza kibali cha usalama, wakanyamaza. Wengine kumbukumbu zao ziliteketea katika moto wa mwaka 1973 huko St. Louis, ulioharibu mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya jeshi la nchi kavu na la anga. Ukimya wa faili haumaanishi kwamba jambo halikutokea. Tafuta barua ulizoandika nyumbani, tathmini za kazi zilizoshuka ghafla, maombi ya kuhamishwa kikosi. Mwenzi wako, mzazi au askari mliyetumikia pamoja anaweza kuandika ushahidi kwenye fomu 21-10210. Yeye haandiki jina la ugonjwa. Anaandika alichokiona: ulikuwa mtu wa namna gani kabla, na sasa ukoje.

Kabla hujaanza kukusanya hayo yote, peleka taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966. Inakulindia tarehe kwa mwaka mmoja. Ukikamilisha dai lenyewe kwa fomu 21-526EZ ndani ya mwaka huo na likakubaliwa, malipo huweza kuhesabiwa tangu siku ya taarifa ile. Fidia haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, na hulipwa hata ukihamia nje ya Marekani.

Msaada wa kuandaa dai hupatikana bure kwa wawakilishi walioidhinishwa na VA, wakiwamo wa vyama vya wastaafu wa jeshi kama American Legion, Disabled American Veterans na Veterans of Foreign Wars. Wapo watu wanaojiita washauri, wanaotaka sehemu ya malipo yako ili wakuandalie dai la kwanza. Sheria hairuhusu ada kwa dai la kwanza. Mtu akikutaka usaini mkataba wa namna hiyo, ondoka.

Dai likikataliwa, au asilimia ikiwa ndogo kuliko hali yako, tangu Februari 2019 kuna njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu alipitie upya faili lilelile, au kwenda kwenye Bodi ya Rufaa. Chukua hatua ndani ya mwaka mmoja wa uamuzi, la sivyo waweza kupoteza ile tarehe ya mwanzo. Na kama wasiwasi umekuzuia kabisa kushika kazi ya kukupatia riziki, uliza kuhusu kulipwa kwa kiwango cha 100 hata kama asilimia yako ni 70.

Jambo la mwisho ni hofu ninayoisikia mara kwa mara: "Nikitibiwa nikapata nafuu, watanipunguzia." Ni kweli VA inaweza kukupima tena. Lakini kabla ya kupunguza malipo unayopokea, kwa kawaida ni lazima ikuarifu na kukupa siku 60 za kuleta ushahidi, na nafuu iwe imeonekana katika maisha yako ya kila siku. Mimi sitamshauri mtu yeyote abaki mgonjwa kwa ajili ya hundi. Tiba ya mazungumzo inayomrudisha mtu hatua kwa hatua kwenye yale anayoyakwepa, pamoja na dawa inapohitajika, imewarudishia wengi usingizi na familia zao. Asiyetaka kuanzia hospitalini anaweza kwenda kwenye Vet Center, vituo vya ushauri vilivyoanzishwa mwaka 1979, ambavyo mafaili yake hayatolewi kwa wengine bila ridhaa yako, isipokuwa panapokuwa na hatari kwa maisha. Na ukifika mahali unafikiria kujiua, piga 988 kisha bonyeza 1, saa yoyote. Huhitaji kuwa umejiandikisha VA wala kuwa na dai.