Kurithi mikoba ya Brett Favre: Green Bay Packers walivyompata mrithi kabla hawajamhitaji

Mwezi Aprili 2005, klabu ya Green Bay Packers ilikuwa na mchezaji ambaye tangu Septemba 1992 hakuwa amekosa kuanza hata mechi moja ya ligi. Brett Favre alikuwa na umri wa miaka 35, alikuwa ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mara tatu, alikuwa ameipa klabu ubingwa wa Super Bowl mwezi Januari 1997, na msimu uliokuwa umetoka kumalizika timu yake ilishinda mechi 10 kati ya 16 na kuongoza kundi lake. Upungufu wa timu ulikuwa katika safu ya ulinzi, na kila mtu aliuona. Hata hivyo, zamu yao ya kuchagua mchezaji mpya ilipofika katika nafasi ya 24, meneja mkuu Ted Thompson, aliyekuwa na miezi michache tu kazini, alimchukua mchezaji wa nafasi ileile ya Favre, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha California, Aaron Rodgers.

Kazi yangu ni kuchambua usajili na mikataba ya ligi ya NFL, na kila ninapoulizwa klabu humpataje mtu wa kurithi mikoba ya kwotabeki nguli, jibu langu huanzia kwenye uamuzi huo, kwa sababu ulifanyika wakati hakuna aliyekuwa akiudai.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kuelewa mambo mawili kabla hatujaendelea. La kwanza ni kwamba kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, ndiye anayewatangazia wenzake mchezo utakaochezwa, na ndiye anayeamua ndani ya sekunde mbili au tatu nani apewe pasi, huku watu wenye uzito wa kilo zaidi ya 120 wakimjia wamwangushe. Uwanjani anakuwa mmoja tu. Kocha wa soka anaweza kumwingiza kinda dakika ya 70 na kumpa uzoefu kidogo kidogo, lakini kwotabeki wa akiba anaweza kusugua benchi msimu mzima bila kurusha pasi moja yenye maana. La pili ni kwamba nyota wa chuo hasajiliwi kwa ubavu wa fedha. Klabu 32 hugawana vijana kwa drafti ya raundi saba, ambamo timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza na bingwa huchagua wa mwisho.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unauona mtego wenyewe. Klabu yenye nguli hushinda. Kwa kuwa inashinda, huchagua mwishoni. Na zamu yake inapofika, vijana bora wa nafasi hiyo huwa wameshachukuliwa. Njia ya wazi ya kujinasua ni kuporomoka, kama ilivyowatokea Indianapolis Colts mwaka 2011, Peyton Manning alipokosa msimu mzima kwa matatizo ya shingo, timu ikashinda mechi 2 kati ya 16, ikapata chaguo la kwanza la drafti ya 2012, ikaachana na Manning mwezi Machi na kumchukua Andrew Luck wa Stanford. Hakuna meneja anayeweza kupanga bahati ya namna hiyo, yaani nguli aumie mwaka uleule ambao chuo kinamtoa kijana wa kiwango kile.

Miami Dolphins hawakuporomoka kwa wakati unaofaa, na wala hawakujiandaa. Dan Marino aliwachezea misimu 17, na mechi yake ya mwisho, Januari 2000, waliadhibiwa 62-7 na Jacksonville. Tangu walipomchagua yeye mwaka 1983, Dolphins hawakuchagua tena kwotabeki katika raundi ya kwanza hadi walipomchukua Ryan Tannehill mwaka 2012. Mwaka 2006 walimkosa Drew Brees, aliyekuwa huru lakini ametoka kufanyiwa upasuaji wa bega. Waliliogopa bega hilo, wakamchukua Daunte Culpepper ambaye naye alikuwa akiuguza goti. Brees alikwenda New Orleans, na Februari 2010 alitwaa Super Bowl kwenye uwanja wa Dolphins wenyewe. Kati ya 2007 na 2009 Dolphins walitumia chaguo la raundi ya pili kila mwaka kumtafuta kwotabeki: John Beck, kisha Chad Henne, kisha Pat White. Kwangu mimi mlolongo huo unaeleza mengi kuliko kipigo cha 62-7. Klabu iliyochelewa huwa haina subira ya kumlea yeyote; kila kijana analetwa kuzima moto, na moto usipozimika anatafutwa mwingine.

Huko Green Bay, mbegu ya uamuzi wa 2005 ilipandwa muda mrefu kabla ya Thompson kuwa meneja mkuu. Ron Wolf, aliyeiongoza idara ya wachezaji ya klabu hiyo kuanzia mwishoni mwa 1991 hadi 2001, ndiye aliyemtoa Favre Atlanta kwa kubadilishana na chaguo la raundi ya kwanza, yaani zamu ya kuchagua kwenye drafti, na baada ya hapo akawa na desturi ya kuchagua kwotabeki karibu kila mwaka, hata Favre alipokuwa katika kilele cha ubora wake. Kwa kawaida alitumia chaguo la raundi za chini, ambazo hazigharimu sana. Mark Brunell alichaguliwa 1993, Matt Hasselbeck 1998, Aaron Brooks 1999. Hakuna kati yao aliyemng'oa Favre, lakini wote watatu waliuzwa kwa kubadilishana na chaguo nyingine za drafti na kuwa vinara kwingineko: Brunell Jacksonville, Brooks New Orleans, na Hasselbeck Seattle, alikoifikisha timu kwenye Super Bowl ya Februari 2006. Thompson alifanya kazi chini ya Wolf, kisha akahamia Seattle na kumshuhudia Hasselbeck akipokelewa huko kama kwotabeki aliyekwisha kupikwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mwaka 2005 alicheza kamari. Alikuwa akiendeleza mila ya nyumba aliyolelewa, isipokuwa safari hii bei ilikuwa kubwa zaidi.

Bahati nayo ilikuwapo, na tusiifiche. Rodgers alitajwa kuwa huenda angekuwa wa kwanza kuchaguliwa na San Francisco 49ers, ambao mwishowe walimchukua Alex Smith. Baada ya hapo aliketi ukumbini New York kwa zaidi ya saa nne, kamera zikimrudia kila klabu ilipompita. Mojawapo ya sababu ilikuwa kocha wake wa chuo, Jeff Tedford, ambaye wanafunzi wake kadhaa waliotangulia walikuwa wamechaguliwa juu kabisa na kushindwa. Sababu nyingine ilionekana kwa macho. Ukitazama picha za mechi zake za chuo utamwona akiushika mpira juu sana, karibu na sikio la kulia, viwiko vimeinuka na mabega yamekaza kabla hata hajachagua wa kumrushia. Wakaguzi wa vipaji waliona mrusho wa kufundishwa darasani, usiokuwa na wepesi. Mike McCarthy alipoingia kama kocha mkuu mwaka 2006, mpira uliteremshwa hadi usawa wa kifua, na miguu ikafundishwa kutangulia mkono. Badiliko kama hilo huhitaji marudio ya miezi mingi, na hakuna kocha anayekubali kulifanya kwa mtu anayecheza kila Jumapili.

Ningependa msomaji aielewe wiki ya kwotabeki wa akiba, kwa sababu neno "kusubiri" linaidanganya akili. Kwotabeki wa kwanza huchukua karibu mazoezi yote ya kikosi cha kwanza. Wa akiba hupewa kazi ya kuigiza kwotabeki wa wapinzani: anaonyeshwa kadi iliyochorwa mchezo wa timu nyingine, anaucheza dhidi ya ulinzi wa klabu yake, kisha anaonyeshwa kadi inayofuata. Rodgers aliifanya kazi hiyo kwa misimu mitatu, akirusha pasi katikati ya walinzi wa daraja la kwanza ambao hawakuwa na sababu ya kumwonea huruma. Tarehe 29 Novemba 2007, Favre alipoumia huko Dallas, Rodgers aliingia na kukamilisha pasi 18 kati ya 26, yadi 201 na tachidauni moja, yaani pasi ya bao iliyopokewa katika eneo la mwisho la wapinzani. Packers walipoteza mechi ile, lakini uongozi ulipata ushahidi ambao mazoezi hayawezi kuutoa.

Ushahidi huo ulihitajika haraka. Machi 2008 Favre alitangaza kutundika daluga huku akibubujikwa na machozi. Ilipofika Julai alitaka kurudi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na San Francisco walikuwa wameshaonja adha hiyo walipokuwa na makwotabeki Joe Montana na Steve Young pamoja kuanzia 1987. Thompson na McCarthy walikataa kumrudishia Favre nafasi yake, na mwezi Agosti wakampeleka New York Jets. Baadhi ya mashabiki walimzomea Rodgers mazoezini. Msimu huo timu ilishinda mechi 6 na kupoteza 10, na ungefuata matokeo pekee ungesema uongozi umeiharibu klabu. Lakini Rodgers alikuwa amerusha zaidi ya yadi 4,000 na tachidauni 28. Februari 2011 Packers waliifunga Pittsburgh 31-25 na kutwaa Super Bowl. Jambo lisilokumbukwa na wengi ni kwamba katika drafti ya Aprili 2008 Thompson alichagua makwotabeki wengine wawili, Brian Brohm katika raundi ya pili na Matt Flynn katika ya saba. Brohm naye alikaa benchi na kufundishwa na makocha walewale, na hakuwahi kuanza mechi hata moja akiwa na Packers. Anayeamini kwamba kukaa benchi ndiko kunakozaa kwotabeki mkubwa amkumbuke huyo, na amkumbuke pia Manning, aliyeanza mechi ya kwanza ya msimu wake wa kwanza, 1998, pasi zake 28 zikanaswa na wapinzani na bado akawa nguli.

Kitu ambacho naona hakipewi uzito wa kutosha ni umiliki. Packers hawana tajiri mmoja. Klabu ni mali ya wanahisa, ambao leo ni zaidi ya laki tano na hawapati gawio, na meneja mkuu huwajibika kwa uongozi wa klabu, si kwa mtu anayekula chakula cha jioni na nyota wa timu. Kocha daima huwaza Jumapili ijayo. Ndiyo kazi yake. Lazima awepo mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuwaza msimu wa tatu kutoka sasa, na asiyeweza kubatilishwa kwa simu moja kutoka kwa mwenye mali.

Mwaka 2020 klabu ilirudia jambo lilelile, ingawa mazingira yalikuwa yamebadilika. Packers walikuwa wametoka kushinda mechi 13 kati ya 16, Rodgers akiwa na miaka 36, na mashabiki walitarajia winga wa kupokea pasi. Meneja mkuu Brian Gutekunst, ambaye naye alianzia kazi ya ukaguzi wa vipaji katika idara ya Wolf, alipanda hadi nafasi ya 26 na kumchukua Jordan Love wa Utah State. Msimu wake wa mwisho chuoni Love alikuwa na tachidauni 20 na pasi 17 zilizonaswa, baada ya kuwa na 32 na 6 mwaka uliotangulia. Ni mali ambayo hununuliwa na mtu mwenye muda wa kusubiri. Rodgers alijibu kwa kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2020 na tena 2021, na kwa hiyo Love akasubiri miaka mitatu kamili.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Tangu makubaliano ya wachezaji na ligi ya mwaka 2011, kijana wa raundi ya kwanza hupewa mkataba wa miaka minne wenye bei iliyopangwa, na klabu ikawa na hiari ya mwaka wa tano. Mkataba wa Love ulikuwa wa takriban dola milioni 12 kwa miaka yote minne. Kwa kuwa kila klabu ina ukomo wa mishahara, kwotabeki mzuri mwenye bei ndogo ni nafasi ya kuwalipa vizuri wachezaji wengine, na Packers waliitumia miaka mitatu ya nafasi hiyo kumlipa mtu wa akiba. Rodgers alipouzwa kwa Jets Aprili 2023, takriban dola milioni 40 za mkataba wake ziliendelea kuhesabiwa kwenye ukomo wa Green Bay. Love alirusha tachidauni 32 msimu huo, akaifunga Dallas 48-32 ugenini katika mtoano, na Julai 2024 akatia saini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 220. Kwa maneno mengine, klabu ilimpata mrithi wa kweli lakini ikafaidi msimu mmoja tu wa urahisi wake. Mimi bado ningeufanya uamuzi ule, kwa sababu miaka ya Miami baada ya Marino iligharimu zaidi. Lakini simlaumu meneja anayeamua siku hizi kumchezesha kijana wake mapema na kuvumilia makosa yake hadharani.

Mwezi Agosti 2024, wiki chache baada ya kumwaga fedha hizo, Gutekunst alitoa chaguo la raundi ya saba kwa Tennessee na kumchukua Malik Willis, ambaye huko alikuwa ameshindwa. Love aliumia goti kwenye mechi ya kwanza ya msimu, iliyochezwa São Paulo, na Willis akaanza mechi mbili zilizofuata, ya pili ikiwa Tennessee dhidi ya waajiri wake wa zamani, akashinda zote.