Jicho jekundu lisilo na tongotongo

Tangu mlipuko wa "red eyes" wa mwanzoni mwa 2024, jicho likiiva tu mtu anajitibu mwenyewe. Virusi vile huleta muwasho, machozi na tongotongo, hurukia jicho la pili, kisha huisha. Lakini lipo jekundu la namna nyingine. Halina tongotongo, linauma kwa ndani, halivumilii mwanga, na kuona kunafifia. Mara nyingi ni jicho moja tu, na wekundu hukoza kuzunguka sehemu nyeusi.

Hiyo mara nyingi huwa ni uveitisi, uvimbe wa tabaka la kati la jicho. Mimi daktari wa macho nikimulika kwa mwali mwembamba wa darubini, naona chembe nyeupe za damu zikielea kwenye maji ya jicho, mfano wa vumbi kwenye jua linalopenya dirishani. Mgonjwa akichelewa, sehemu yenye rangi hugandana na lenzi. Nikiweka dawa ya kupanua mboni, haiwi duara tena, inafunguka kama ua. Presha ya macho na mtoto wa jicho hufuata nyuma.

Hapo naanza maswali ambayo wengi huona hayahusu macho. Mgongo unakakamaa asubuhi, ukitembea unalegea? Viungo vinavimba? Vidonda vya mdomoni vinarudi-rudi? Na huko chini? Jicho laweza kutangulia miezi, hata miaka: kabla ya uvimbe wa uti wa mgongo unaoanza ujanani, kabla ya sakoidosisi, ugonjwa wa uvimbe unaopenda mapafu, au ugonjwa wa Behçet. Huo umepewa jina la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, aliyeandika mwaka 1937 kwamba vidonda vya mdomo, vya sehemu za siri na uvimbe wa macho ni ugonjwa mmoja.

Kwetu, kabla ya kuilaumu kinga ya mwili kwamba inaushambulia mwili wenyewe, tunapima kwanza kifua kikuu, kaswende na VVU.

Wanaonitia hofu zaidi ni watoto. Mwenye baridi yabisi, hasa wa kike iliyomwanza akiwa mdogo, jicho huvimba ndani likiwa jeupe pe, bila maumivu. Hana cha kulalamikia. Aletwe kila miezi 3 hivi, hata kama anaona vizuri.

Na yale matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya duka la dawa? Ndiyo tunayotumia sisi, tena kila saa siku za mwanzo. Ila kwenye kidonda cha virusi vya herpesi juu ya kioo cha jicho, yanakichimba zaidi. Muuzaji anaona wekundu uleule. Bila darubini hawezi kutofautisha uveitisi na kidonda hicho.